Jina la Baba Mkwe

Sairagul alikuwa na kinyongo cha siku nyingi na lile sanduku la vipimo. Lilikuja kutoka ng'ambo, ndani yake vibao vya rangi, picha za wanyama, na maswali yaliyotafsiriwa Kikirgizi na mtu ambaye, kwa maoni yake, hajawahi kumlisha mtoto hata kijiko kimoja cha uji. Picha ya ng'ombe inatolewa, mtoto anaulizwa hiki ni nini. Mtoto wa mchungaji anamtazama mama mzima aliyefika umri ule bila kumjua ng'ombe, anamwonea huruma, ananyamaza. Anaandikiwa sifuri. Wakubwa wa mradi kule Bishkek, mji mkuu, walisema watoto wa milimani wamechelewa kiakili. Sairagul alisema lililochelewa ni sanduku, na kwa kauli hiyo alijipatia maadui wa kutosha.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji vya mkoa wa Naryn na kuchunguza jinsi watoto wadogo wanavyofundishwa na wanavyojifunza kabla ya kuingia shule. Ndivyo alivyofika Ak-Kechuu, mwezi wa tano, theluji ikiwa bado imeng'ang'ania vivuli vya kuta. Chekechea ilikuwa kwenye jengo lililokuwa bafu la shamba la ushirika zama za Wasovieti. Sakafu ilikuwa ya mbao zilizolegea, na jiko la makaa lilinguruma pembeni. Mwalimu alikuwa Batma, mwanamke kijana aliyeolewa hapo kijijini, mcheshi, mwenye mikono isiyotulia.

Mtoto aliyemsumbua Sairagul siku ile alikuwa mvulana wa miaka minne, jina lake Dooronbek. Mashavu yake yalikuwa yamebabuka kwa baridi kama ya watoto wote wa pale. Alipopewa fumbo la vibao alilimaliza kabla Sairagul hajaweka bakuli la chai chini, akalivunja, akalipanga tena juu chini, akacheka. Lakini kipimo kilitaka pia mtoto ageuziwe mgongo na kuitwa jina lake. Sairagul akamwita. Hakugeuka. Akamwita tena kwa sauti ya juu zaidi. Mtoto aliendelea kukwangua rangi ya kibao kwa ukucha. Alipotakiwa kusimulia picha alimkodolea Sairagul macho, usoni, mdomoni, kisha akatabasamu tu.

Kwa kanuni za sanduku, mtoto wa namna hiyo hupelekwa Bishkek. Huko angechunguzwa kila kitu, kichwa, macho, masikio, damu, na kama ilivyokuwa kawaida, wengi waliopelekwa hawakurudi haraka. Waliwekwa kwenye shule ya bweni ya watoto wasiojiweza, wakarudi baada ya miaka wakiwa hawamjui bibi wala mbwa wa nyumbani. Sairagul alikuwa ameona watoto wa aina hiyo, na moyo ulimuuma kabla hata hajafunga sanduku.

"Mwite wewe," alimwambia Batma. "Labda ananiogopa mimi mgeni."

Batma akaiva uso. "Mie siwezi, dada."

"Huwezi nini?"

"Kumwita. Hilo jina." Akavuta ncha ya kitambaa cha kichwani akaziba mdomo. "Ni la ukweni kwangu. Babu yake mume wangu ndiye aliyekuwa nalo."

"Sasa darasani unamwitaje?"

"Namgusa bega. Au nasema, wewe mwenye fulana ya kijani. Leo kavaa bluu, ndiyo maana unaniona nahangaika tangu asubuhi."

Sairagul aliachama kidogo, kisha akacheka mpaka machozi. Alilijua jambo hilo tangu utotoni. Mama yake mzazi alikuwa na shemeji aliyeitwa Temir, yaani Chuma, basi maisha yake yote hakulitamka neno chuma. Alisema "kile kigumu". Mkaza mwana mwenye adabu hataji jina la baba mkwe, wala la babu mkwe, wala la shemeji mkubwa, hata wakiwa wamezikwa zamani. Watu wa ng'ambo wangelijuaje hilo?

Jioni alikwenda nyumbani kwa mtoto. Alimkuta bibi yake, Sonunbubu, mjane mwenye mgongo ulionyooka kama wa msichana, aliyemlea mvulana peke yake tangu mwanawe na mkewe walipokwenda Urusi kutafuta kazi. Sonunbubu alitandaza kitambaa, akamwaga maandazi madogo ya kukaanga, akaweka malai na chai ya maziwa.

"Jina lilikuwa la baba mkwe wangu," alisema. "Mwanangu akaona ampe mtoto jina la babu yake, jina la heshima. Hakufikiria nani atalitamka humu ndani. Wanaume ndivyo walivyo, mwanangu, wanatoa jina halafu wanapanda ndege."

"Kwa hiyo wewe unamwitaje, mama?"

"Bala. Si maana yake ni mtoto? Basi ni Bala. Na mara nyingi simwiti, namfuata alipo namshika mkono. Nyumba yenyewe ndogo, atapotelea wapi?"

"Hajawahi kuugua? Homa kali, masikio, kuanguka?"

Sonunbubu akainua birika. "Huyo? Mzima kama farasi. Kunywa chai, inapoa."

Sairagul akanywa chai. Usiku huo hakulala vizuri kwa furaha. Mtoto hana tatizo. Hajui jina lake kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwita kwa jina hilo, na hao wanawake wote waliomzunguka walifungwa midomo na heshima. Asubuhi alirudi chekechea, akamkuta Dooronbek amekaa chini amempa mgongo. Akamwendea kwa nyuma juu ya zile mbao, akasema, "Bala." Mvulana aligeuka hata kabla neno halijaisha, akacheka. Sairagul nusura amkumbatie.

Kule Bishkek, mbele ya mkutano wa mradi, alisimama akawapasha. Aliwaeleza habari ya wakaza wana, ya jina la babu, ya mtoto anayepanga fumbo juu chini huku kipimo kinamwita mjinga. Aliwaambia kwamba watoto wa milimani hawasemi mbele ya wakubwa kwa adabu, si kwa upungufu, kwa hiyo hata lile la kusimulia picha lisihesabiwe. Alisema vizuri. Mkuu wake, Damira Osmonovna, mwanamke mgumu kusifu, alimshika mkono mbele za watu. Dooronbek akaondolewa miongoni mwa watoto wa kupelekwa mjini, na wengine kadhaa wa vijiji vingine pamoja naye.

Vuli ile ya majani makavu alipopita tena Ak-Kechuu kwa haraka, Sonunbubu alimchinjia kondoo. Alimwekea vipande vya heshima vyenye mafuta ya mkia, akamvalisha shali begani, akalia. "Umenirudishia mtoto wangu," alisema. Sairagul alikula, akavimba kichwa kidogo, na nani angemlaumu? Makala yake yakachapishwa. Wenzake ofisini wakawa wanamwita Dooronbek "mtoto wa Sairagul". Ukafika mwaliko wa kwenda kusoma makala hayo mbele ya wataalamu wa nchi nyingi, na Damira Osmonovna akamwambia aende kumpiga mtoto picha za video, watu wamwone.

Ndipo akarudi, mwezi wa tano mwingine.

Dooronbek alikuwa amerefuka. Alimtambua Sairagul, akamkimbilia, akamwonyesha kwa vidole jino lililong'oka. Hakusema kitu. Sairagul akangoja aseme, akachuchumaa mbele yake, akamuuliza jino limekwenda wapi. Mvulana alimtazama mdomo kwa makini, akatoa mlio mfupi usio na umbo, akakimbilia vibao vyake.

"Anaendeleaje?" Sairagul alimuuliza Batma.

"Mpole huyo, dada, sijapata kuona. Wenzake wanatukanana, yeye wala hajibu. Hanipi taabu kabisa."

"Anaongea?"

"Akipenda. Kwa mikono zaidi." Batma akacheka. "Ana adabu mno. Si wewe mwenyewe ulituambia ni adabu?"

Sairagul alijisemea kuna watoto wanaochelewa kusema, wapo tele, hata kaka yake alichelewa. Akatoa simu, akaanza kupiga picha za ukuta, za majiko ya kuchezea, za chochote.

Baada ya chakula watoto walilazwa. Vitanda vilikuwa chumba cha pili, vimepangwa sambamba, na ukutani kulikuwa na zulia la manyoya lenye nakshi za pembe za kondoo dume. Sairagul alisimama mlangoni akiwatazama wanavyosinzia. Ndipo makundi ya mifugo yalipoanza kupita barabarani kuelekea malisho ya juu, maana ndio ulikuwa msimu wake. Kondoo walilia kwa mamia, mbwa walibweka, mchungaji mmoja alikuja nyuma na pikipiki isiyo na bomba la moshi, akipiga mluzi na kutukana. Vioo vya dirisha vilitetemeka. Watoto wote waliinuka kwa mkupuo, wengine wakilia, wengine wakiwa wameshapanda dirishani.

Dooronbek alikuwa amelala kwenye kitanda cha pembeni, amegeukia ukuta. Sairagul alidhani amepitiwa na usingizi. Akasogea akachungulia. Macho ya mtoto yalikuwa wazi kabisa. Alikuwa anaifuata nakshi ya zulia kwa kidole, taratibu, pembe moja hadi nyingine, na uso wake ulikuwa umetulia kana kwamba chumba kilikuwa kimya.

Sairagul alisimama palepale bila kuinua mguu. "Bala," alisema. Akasema tena, kwa nguvu. Akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto hadi viganja vikamuuma na Batma akamgeukia kwa mshangao. Kidole kiliendelea na safari yake juu ya zulia. Kisha Sairagul akapiga hatua moja. Ubao ukanesa chini ya kiatu chake, kitanda kikatikisika kidogo, na Dooronbek akageuka, akacheka, kama alivyogeuka na kucheka mwaka uliopita.

Sairagul alikumbuka vizuri jinsi alivyomwendea siku ile, akikanyaga mbao kwa viatu vyake vya mjini. Mtoto aligeuka kabla neno halijaisha kwa sababu hakuwa amelingojea neno. Na yeye, mtafiti, aliyepita vijiji chungu nzima akiwasema wengine kwa kuona wanachotaka kuona, hakurudia kipimo hata mara moja. Kwa nini arudie? Alikuwa ameshapata jibu zuri.

Mbaya zaidi ni kwamba kila alilosema kuhusu jina lilikuwa kweli. Mtoto mwingine yeyote angeitwa kutwa nzima, kutoka uani, kutoka jikoni, kutoka ng'ambo ya mto, na asipoitika mara ya kumi mtu angeanza kujiuliza. Huyu hakuwa akiitwa. Alishikwa mkono, aliguswa bega, akawa mtoto mtiifu kuliko wote. Ile adabu aliyoitetea Sairagul mkutanoni ndiyo iliyomficha, na Sairagul akaja akafunga mlango juu yake.

Alitoka uani akampigia Damira Osmonovna.

Mkuu wake alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Sasa sikiliza, Sairagul. Mtoto apelekwe wiki hii, nitaongea na watu wa masikio mimi mwenyewe. Ila makala yako usiyaguse. Hoja yako bado ni ya kweli."

"Ni ya kweli kwa wale wengine."

"Basi inatosha. Tafuta mfano mwingine. Na huyo bibi mwambie tumeamua kumwangalia tena, kama kawaida ya mradi. Hana haja ya kujua mwaka jana nani alisema nini. Utamsaidia nini kwa kumwambia?"

"Mwaka mzima, Damira Osmonovna. Katika umri wa kujifunza kusema."

"Najua ni umri gani. Mimi ndiye niliyekufundisha." Sauti ikalainika. "Usijichinje, mwanangu. Fanya kazi."

Njia ya kwenda kwa Sonunbubu ilijaa vumbi na mavi ya kondoo. Sairagul alitembea polepole, na lazima isemwe, alitamani kumtii mkuu wake. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: mama, ni utaratibu tu, tunawaangalia wote tena. Bibi angekubali. Angeendelea kumpenda. Shali yake ilikuwa ndani ya begi la Sairagul saa hiyohiyo, maana aliibeba makusudi ili bibi aione amekuja nayo.

Dooronbek alikuwa ameshafika nyumbani kabla yake, ameletwa na Batma. Alikuwa uani, amechuchumaa, amewapa mgongo, anapanga mifupa ya vifundo vya miguu ya kondoo kwenye mstari ili ailenge kwa mfupa mkubwa, mchezo wa wavulana wote wa kule. Sonunbubu alikuwa kwenye benchi la nje anachambua sufu. Uso ulimfunguka alipomwona mgeni.

Sairagul hakukaa. Alijua akikaa ataletewa chai, na akinywa chai hatasema.

"Mama, mtoto hasikii."

Mikono ya bibi ikasimama juu ya sufu. "Nani kasema?"

"Mimi. Nimemjaribu leo. Kilichomfanya asigeuke mwaka jana si jina."

"Ulisema ni jina."

"Nilikosea."

"Hukukosea." Sonunbubu aliinuka, sufu ikaanguka. "Wamekutuma. Wamekwambia urudi umchukue, na wewe umekubali. Nilikulisha hapahapa. Mtoto hajui jina lake kwa sababu mimi sijamwita, ulisema hivyo kwa mdomo wako. Kosa ni langu mimi, basi. Si lake."

"Mama, nisikilize."

"Usinifundishe. Utaona."

Alijifunga upya kitambaa cha kichwani, akakikaza, kama mtu anayejiandaa kuingia mbele ya wazee. Akageukia upande wa makaburi ya kijiji, midomo ikamchezacheza bila sauti. Kisha akamtazama mtoto mgongoni na kusema kwa sauti nyembamba ambayo Sairagul hakuijua, "Dooronbek."

Ng'ambo ya ua, mke wa jirani aliyekuwa anapiga zulia alishusha fimbo.

"Dooronbek," bibi alisema kwa nguvu zaidi. Tangu aingie nyumba ile akiwa bibi harusi wa miaka kumi na minane hajawahi kulitoa jina hilo kinywani, hata katika ndoto. "Dooronbek! Dooronbek!"

Mbwa aliamka. Kuku walitawanyika. Jirani alishika mdomo kwa mikono miwili. Mvulana alifumba jicho moja, akavuta mkono, akarusha mfupa. Ulipiga katikati ya mstari, mifupa ikaruka huku na huku, naye akatoa ule mlio wake mfupi wa furaha na kwenda kuiokota.

Sonunbubu alimtazama akiokota mfupa wa mwisho, akaketi chini, juu ya sufu yenyewe. Sairagul akaketi kando yake.

"Nimelitoa jina la baba mkwe wangu bure," bibi alisema mwishowe.

"Mama, mwaka jana walitaka kumpeleka mjini, wangempima masikio. Mimi ndiye niliyewazuia." Alilisema lote kwa mkupuo, asije akapata nafasi ya kulipunguza. "Nilimjaribu mara moja tu, na nilimjaribu vibaya. Makala nimeandika, nimesifiwa. Yeye amekosa mwaka."

Alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe. Bibi alikuwa anaokota nyuzi za sufu moja moja kutoka vumbini.

"Alipokuwa mchanga," Sonunbubu alisema, "masikio yalimtoka usaha. Baridi nzima. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nikamtia mafuta ya mkia, ya uvuguvugu, kama alivyonitia mama yangu. Akaacha kulia nikajua kapona." Akafuta mikono kwenye sketi. "Uliponiuliza, nilikumbuka. Nikasema nikimwambia huyu, watamchukua."

Mvulana alikuwa amemaliza kupanga mstari mpya. Aligeuka, akawaona wamekaa chini pamoja, akaona nyuso zao, na kicheko kikamtoka polepole usoni. Alitazama mdomo wa bibi yake, kisha wa Sairagul, akingoja mmojawapo ufanye kitu ambacho angeweza kukielewa.

"Wewe hukuona kweli?" bibi aliuliza. "Msomi mzima?"

"Sikuona. Nilitaka iwe jina."

"Hata mimi nilitaka iwe jina."

Sonunbubu alijishika kwenye benchi akainuka kwa taabu, akakung'uta sufu kwenye magoti. "Basi tuko wawili," alisema, akaingia ndani kumtafutia mtoto viatu vya safari.